Udongo wa Bahi Mlangoni Kwangu

Msimbu, Kisarawe
Jumapili, mwezi wa kwanza

Kwako dada yangu Penina,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa adabu zote, mimi mdogo wako Ezekieli. Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini, umeweka jembe chini, goti lako la kulia limetulia. Lile goti bado linakusumbua wakati wa mawingu? Na shemeji, kile kikohozi cha vumbi kimeondoka? Nimesikia Bahi imenyesha mpaka mbuga imelala maji, na watu wamepanda uwele mara ya pili baada ya ule wa kwanza kuzama. Nilifurahi niliposikia. Baada ya mwaka ule wa ukame tuliouona, hata uwele kuzama ni habari njema.

Huku sisi wazima. Mke wangu Mwajuma yupo, muhogo wake umekubali. Binti yetu Rehema anasoma hapa Kisarawe na amenizidi kimo. Mimi nimekonda kidogo lakini nguvu sijapungukiwa. Wiki iliyopita kule Misugusugu nimefyatua tofali elfu moja peke yangu kabla ya adhuhuri. Hapana, dada. Zilikuwa mia tatu, na tulikuwa watu wawili. Nimejiwekea sharti kwamba katika barua hii nikiandika uongo nitaufuta hapohapo, mbele yako.

Najua unashangaa. Miaka yote tunapigiana simu, leo Ezekieli aliyeishia darasa la tano ameshika kalamu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ulimi wangu unanitangulia. Nikisikia tu sauti yako naanza kupamba, na nikishaanza sijui kushuka. Karatasi hainisifii wala hainichochei. Inakaa tu inangoja.

Jambo lenyewe ni hili. Sabuni, ng'ombe wa marehemu mama, amekufa. Alikufa tangu mwezi wa tisa, kabla ya mvua za vuli. Uliponipigia mwezi uliopita ukaniuliza habari zake, nami nikakwambia anakusalimia na ana mimba nyingine, alikuwa ameshazikwa nyuma ya migomba. Hakuliwa na chatu, hakupigwa na radi, hakuibiwa. Nimemuua mimi mwenyewe, na nimemuua kwa chumvi.

Nimeona ulijue hili kabla lori halijaja. Ulisema mwisho wa mwezi huu utamtuma dereva aje kumrudisha ng'ombe wa mama nyumbani, kwa kuwa majani yameota. Sitaki ukae barabarani unalingoja lori, litokee, uhesabu pembe, halafu dereva ndiye akueleze. Ukishajua utaamua mwenyewe kama lori lije au lisije, na kama mimi nije au nisije.

Nianze pale alipofika.

Unakumbuka mwaka wa ukame nilivyokupigia nikasema wapakie walete kwangu, huku Kisarawe majani yanafika kwenye paa la nyumba. Dada, yalikuwa yanafika magotini, tena mengine ng'ombe hawayagusi. Ulikataa mara mbili. Ulisema Sabuni ndiye wa mwisho katika ng'ombe wa mama, amekulia mbugani, hajui kwingine. Nikakwambia ng'ombe ananijua mimi kabla hajazaliwa. Ukakubali kwa sababu wengine walikuwa wanaanguka zizini na hukuwa na njia. Ukampakia yeye na wenzake wawili, wale wa kwako.

Wakafika hapa wamesimama, macho yamezama, lakini wamefika. Dereva akashusha na mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba ya katani, mzito kama mtu. Akaniambia, "Dada yako amesema huu ni wa Sabuni. Apewe kidogo kidogo." Nikafungua, nikakuta udongo. Udongo mweupe wa mbugani, ule ambao mama alikuwa anauchota na kuuchuja kupata chumvi ya kupikia, na ng'ombe wakilamba kando yake.

Nilicheka, dada. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mbele ya Kondo. Kondo ni kaka yake Mwajuma, nyumba yake inatazamana na yangu. Ni mtu wa muhogo na mananasi, hajawahi kufuga hata mbuzi, kwa hiyo yote aliyoyajua kuhusu ng'ombe yametoka kinywani mwangu. Nikamwambia, "Dada yangu huyo, anatuma chumvi pwani. Bahari si hiyo hapo? Huku hata upepo una chumvi, majani yote yameshainywa."

Kondo akachuma jani akalitia mdomoni, akalitafuna. "Mbona siisikii, shemeji?"

"Ulimi wako si wa ng'ombe."

Akaamini. Na mimi nikaamini pia, hilo ndilo baya. Si kwamba nilikuwa namdanganya. Sisi tuliozaliwa Bahi hatujawahi kumnunulia ng'ombe chumvi. Ng'ombe wa kwetu anaijua njia ya udongo mweupe, anakwenda mwenyewe, analamba, anarudi kulala. Nimekua naliona hilo kila siku nikadhani ni mchezo wao tu, kama watoto na muwa. Nilijua ng'ombe anataka majani na maji. Na nilidhani palipo karibu na bahari pana chumvi kuliko kwetu. Bahari yenyewe nimeiona mara mbili. Mara moja.

Sasa ule mfuko niliufanya nini? Mlangoni kwangu palikuwa na shimo, maji ya mvua yanatuama, Mwajuma analalamika kila siku. Nikamwaga udongo wako pale chini ya kizingiti, nikaushindilia kwa miguu ukawa mgumu kama saruji. Niliona nimefanya kazi ya akili. Mfuko wenyewe nikaukunja nikauweka juu ya dari.

Mwaka wa kwanza haukuwa na neno. Sabuni alinenepa, akapata mimba, akazaa jike, jeupe kama yeye, lina doa moja jeusi sikioni. Maziwa tulikunywa sisi na nyumba ya Kondo na jirani wa tatu. Hayo yote nilikwambia na yote ni kweli.

Halafu ndipo ng'ombe wakaanza kunipenda.

Unaijua kazi yangu. Nakaa Misugusugu, Kibaha, siku nne, nafyatua tofali juani, halafu narudi Msimbu siku tatu. Nikirudi fulana yangu imekauka mgongoni na michirizi myeupe kama ramani. Basi Sabuni akiniona tu, hata niwe mbali, anakata kamba. Anakuja mbio, ananilamba mikono, shingo, mpaka masikio. Wale wawili nao wanakuja nyuma yake. Nilikuwa nasimama katikati yao kama bwana harusi. Nikawaambia watu kwamba hii ni nyota ya babu yetu, ile iliyomfanya aite ng'ombe kwa mluzi kutoka kijiji cha pili, na kwamba katika ukoo wetu wamepewa watu wawili tu, yeye na mimi. Pale wanapokunywa kahawa asubuhi nililisimulia hilo kila nilipokuwepo. Watu walitoka mpaka Kongowe ya Kibaha kuja kuniona nikilambwa. Walikuja kundi zima. Walikuja wawili, dada, na mmoja alikuwa amekuja kununua mananasi.

Asubuhi ilikuwa zaidi. Nikiamka nasikia pumzi mlangoni. Nafungua, namkuta Sabuni ameinamisha kichwa kwenye kizingiti changu, ulimi unakwenda na kurudi. Nikasema anakuja kuniamkia. Kondo akawa anapiga kelele kutoka kwake, "Chifu, wageni wako wamefika!" Nami natoka na kikoi changu najinyoosha, naitikia marahaba, kwa ng'ombe. Shimo likaanza kurudi pale chini ya kizingiti. Nikamwambia Mwajuma ni mvua.

Nilikusimulia haya kwenye simu. Wewe ukaniuliza, "Analamba na kuta?" Nikasema analamba chochote nilichokigusa. Ukauliza, "Udongo wake unampa?" Nikasema nampa. Nilikujibu haraka, kama mtoto anayeulizwa kama amenawa. Nimelikumbuka swali lako hilo mara nyingi tangu mwezi wa tisa. Ulikuwa Bahi, na uliona kutoka huko kitu nilichokuwa nakikanyaga usiku na mchana nikitoka na kuingia.

Kwa sababu dalili zilikuwepo. Manyoya yalisimama, yakawa makavu kama nyasi za kuezekea. Maziwa yalipungua mpaka ndama akawa anagonga kiwele kwa kichwa kwa hasira. Sabuni akawa anakula mchanga. Akawa anakunywa mkojo wa wenzake, anausubiri. Akatafuna kanga ya Mwajuma iliyoanikwa, na fulana yangu ya kazi akaila nusu. Mwajuma aliniambia, "Baba Rehema, huyu mnyama hana raha. Mwenye raha hali nguo." Nikamwambia wewe umelelewa na minazi, utajua nini habari ya ng'ombe. Aliondoka bila kunijibu. Mwajuma akinyamaza namna ile huwa ameniona mjinga lakini ananihifadhi.

Mwezi wa nane alikuja bibi mifugo, binti mdogo tu, na pikipiki yake na boksi la chanjo. Alikuwa anazunguka vijiji. Watu walikuwa wamekusanyika, nami ilikuwa siku yangu ya kurudi kutoka Misugusugu, jasho limenikaukia mwilini. Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha msomi kitu ambacho hakipo kwenye vitabu. Nikanyoosha mkono. Sabuni akaja, akaanza kulamba kuanzia kidoleni mpaka begani. Nikamwambia, "Umeona, binti? Hii haifundishwi. Ni nyota."

Hakucheka. Aliuangalia ulimi, akapitisha kiganja mgongoni mwa Sabuni, akaenda kuangalia kuta za banda zilivyolambwa. Akaniuliza kiwele kinatoa kiasi gani. Halafu akasema taratibu, wala hakupaza sauti, "Mzee, huyu hakupendi. Anatafuta chumvi. Jasho lako ndilo analokula."

Watu wote walisikia. Kondo alisikia. Dada, mimi nimewahi kuanguka kutoka kwenye mnazi, haikuniuma hivyo.

Nikamjibu, "Binti, mimi nimezaliwa Bahi. Kwetu chumvi tunaichota kwa koleo."

"Basi wewe ndiye ungeiona kabla yangu," akasema. Hakusema kwa dharau. Akanieleza kwamba ng'ombe wa maziwa hutoa chumvi mwilini kila akikamuliwa, na huku kwetu Kisarawe mchanga umeoshwa na mvua, hauna kitu, bahari haisaidii. Akasema nikirudi Kibaha nipite duka la pembejeo ninunue jiwe la chumvi la kulamba, lile lililochanganywa na madini mengine, nilitundike bandani. Na akasema neno la mwisho, akalirudia mara mbili mbele ya Kondo. Kwamba hawa wamekaa na njaa hii muda mrefu, waanze kidogo kidogo, na maji yasikauke mbele yao hata saa moja.

Kidogo kidogo. Maneno yaleyale uliyompa dereva.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa nasikia tu jinsi watu walivyonyamaza. Nilitaka kitu kimoja, kwamba pale kwenye kahawa nisiwe yule aliyelambwa na njaa akaiita nyota. Jiwe la dukani nikaliona dogo, kitu cha mtu asiyejua chumvi. Nikasema nitawaonyesha chumvi ni nini.

Kule Misugusugu malori ya chumvi kutoka mashamba ya Bagamoyo hupumzika kando ya barabara. Nikamsaidia dereva mmoja kupanga mifuko iliyoanguka, akanipa mmoja uliochanika, wa chumvi ya mawe, ile nene. Nikaubeba mpaka Msimbu. Nilipofika niliita watu. Nikakata pipa nusu, nikamwaga chumvi yote mle, ikameta juani. Nikasema, "Haya, ng'ombe wa Bahi wamerudi kwao."

Wale wawili walikuwa wamefungwa mbali, kwenye shamba la Kondo lililovunwa muhogo, ndiyo maana wako hai. Ndama alikuwa nyuma ya migomba. Sabuni ndiye alikuwa bandani. Alivyokula, dada. Alikula kama mtu aliyefungua mfungo wa mwaka mzima. Hakuinua kichwa. Nilisimama kando yake na kifua mbele, nikasema mnaona.

Kondo akasogea akaniambia kwa sauti ya chini, asiniaibishe, "Shemeji, na maji? Yule binti alisema maji."

Kilikuwa kiangazi. Kisima cha bondeni kilikuwa kimebaki matope, maji tunayafuata mbali kwa baiskeli na madumu, na siku hiyo baiskeli ya Kondo ilikuwa imetoboka gurudumu. Ndoo ya bandani ilikuwa na maji ya kufunika kiganja. Mimi nikamjibu kwa sauti ili wengine wasikie, "Ng'ombe wa Bahi anakaa siku tatu bila maji na anakata kilomita. Usimfananishe na bata."

Kondo akarudi nyuma. Alikuwa amezoea kuniamini, nami nilikuwa nimemzoesha.

Nikaenda kwenye kahawa nikakaa mpaka jua limeinama. Niliporudi nilikuta pipa limelambwa sehemu kubwa na ndoo imepinduliwa, kavu. Sabuni alikuwa analia. Nikasema kesho asubuhi nitaleta maji. Ndivyo nilivyosema. Nikaoga kwa dumu tulilobakiza ndani.

Asubuhi Mwajuma ndiye aliyeniita. Sabuni alikuwa anazunguka bandani kwa duara moja, upande mmoja tu, anagonga nguzo, anarudi, anaigonga tena. Macho yamefunguka lakini haoni. Nilipitisha mkono mbele ya macho yake, hakupepesa. Kondo akakimbia na baiskeli ya kuazima akaleta madumu mawili, na Mwajuma akampigia bibi mifugo. Nilitaka kummiminia maji yote. Yule binti akapiga kelele kwenye simu kwamba tusithubutu, sasa hivi maji mengi kwa mara moja nayo yanaua, tumpe kwa kopo, tungoje, tumpe tena. Akasema anakuja. Alikuja, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Sabuni amelala ubavu, miguu inapiga, alivua kofia ya pikipiki akaiweka chini taratibu. Nikajua.

Tulimpa maji kwa kopo, mimi nimemshika kichwa mapajani. Kondo anachota, mimi nammwagia pembeni mwa mdomo. Nilikuwa natoka jasho. Katika hali ile ile, haoni, hajui alipo, Sabuni akatoa ulimi akaupitisha kwenye mkono wangu. Mara moja, pole pole, kama alivyozoea.

Nikauondoa mkono. Kwa mara ya kwanza tangu aje, nilimnyima, kwa kuwa sasa chumvi ndiyo ilikuwa sumu yake. Ilipofika saa tatu hivi akatulia.

Bibi mifugo hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu tusile nyama, tuchimbe shimo refu. Tulichimba mimi na Kondo. Kondo hakunitania siku hiyo, na hajanitania tena mpaka leo. Ananisalimia vizuri, ananisaidia, lakini ule utani wa chifu umekwisha. Sikujua kwamba nitautamani.

Baada ya hapo nikaanza kutengeneza hadithi. Sitakuficha. Nilipokuwa nachimba nilikuwa nimeshapata chatu, mnene kama gogo. Wiki ya pili nikaona radi ni nzuri zaidi, haiachi ushahidi. Uliponipigia mwezi uliopita nilikuwa na vyote viwili tayari mdomoni, lakini ukaanza kwa kuniuliza kwa furaha, "Mzima, Sabuni wetu?" na kilichotoka hakikuwa chatu wala radi. Nikasema mzima, anakusalimia. Nikaongeza na mimba. Kisha ukauliza, "Na ule udongo, bado upo?"

Nikasema upo.

Tulipoagana nilibaki nimeshika simu. Katika yote niliyokwambia siku hiyo, hilo moja lilikuwa kweli, na ndilo lililonishtua. Udongo upo. Nikatoka nikatazama kizingiti. Pale walipokuwa wanalamba pameingia ndani kama bakuli. Dada, kila asubuhi alikuwa anakuja kwenye chumvi yake. Uliyomtumia wewe, kutoka pale alipokuwa anachota mama. Alikuwa anaikwangua kwa ulimi kwenye ardhi niliyoikanyaga, mimi natoka mlangoni nasema marahaba.

Nikachukua jembe nikaufukua wote. Mwajuma akaniuliza unafanya nini, nikamwambia yote, kuanzia mfuko wa salfeti. Alikuwa hajui kwamba ule ulikuwa udongo wa ng'ombe. Akaniambia, "Mwandikie dada yako. Usimpigie, mwandikie." Kwa hiyo hata barua hii si akili yangu.

Sasa nikueleze waliopo. Wale wawili wa kwako wazima, manyoya yamelala, wanang'aa. Nilinunua jiwe kule Kibaha kama nilivyoambiwa, nimelitundika kwa kamba bandani, wanalilamba wanapotaka na kuliacha wanapotaka. Maji napima mimi mwenyewe, na siku nikiwa Misugusugu anapima Kondo. Mtoto wa Sabuni anakua vizuri, miguu mirefu kama ya mama yake. Kondo anamwita Povu, lakini jina sijampa. Mama ndiye aliyekuwa anatoa majina. Sasa ni wewe.

Lori likija litakuta watatu tayari. Povu ni wako, sitaki kubaki naye, wala sisemi hivyo kwa kujionyesha. Akifika mpeleke mbugani penye udongo mweupe umwachie kamba. Hajawahi kupaona, lakini nadhani atajua. Ukiona inafaa nije naye, nitakaa nyuma ya lori nimshike njia nzima, na nikifika nitakwenda mwenyewe kaburini kwa mama kumwambia. Ukiona nisije kwanza, nitaelewa, nitampakia tu. Mwambie dereva jibu lako, yeye atanipa.

Juzi nimerudi kutoka Misugusugu, jasho limenikaukia kama kawaida. Povu alikuwa amesimama karibu na jiwe lake. Nikanyoosha mkono, mazoea tu. Akaunusa. Akageuka akaendelea na majani. Bibi mifugo anasema ndivyo alivyo ng'ombe mwenye afya, hana haja na mtu. Nilisimama pale muda, mkono umenyooka, hakuna aliyekuja.

Udongo nilioufukua nimeuchuja mawe na nimeurudisha kwenye mfuko uleule wa salfeti, kwa kamba ileile ya katani. Haujai, umefika nusu. Nitaupakia pamoja nao. Shimo la mlangoni sijalifukia. Mvua ikinyesha maji yanatuama, na mimi navuka.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Msalimie mama mdogo anayekaa karibu na kanisa, umwambie ujumbe wake wa simu nimeupata. Wasalimie wapwa zangu wote, na yule mkubwa anayependa hadithi zangu umwambie mjomba ana moja tu safari hii, na utamsomea wewe kutoka humu, bila kupunguza. Mwajuma anakuamkia. Rehema anakuamkia. Kondo, ambaye hujamwona, anakupa pole.

Mimi mdogo wako, niliyemla ng'ombe wa mama bila kumla,

Ezekieli